Goli la Wakati wa Bendera

Nyie mnaokuja uwanjani na viatu vya rangi tatu, chupa ya maji ya baridi na simu ya kujipigia picha, kaeni chini kidogo. Sijaja kuwagombeza. Nimestaafu, na koplo aliyestaafu hana wa kumwamuru, hata kuku wake hawamsikii. Jina langu ni Veronika. Nilikuwa mlinzi wa goli katika timu ya mpira wa pete ya Kambi kwa miaka mingi, halafu nikawa mwalimu wa timu hiyohiyo mpaka magoti yalipoanza kulalamika. Wengi wenu mnanifahamu kama yule bibi anayepiga kelele "Miguu! Miguu!" nje ya mstari. Ndiye mimi.

Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini uwanja wa mpira wa pete wa klabu ya wanajeshi uko huku nje ya lango, wakati uwanja wa mpira wa miguu, ulingo wa ngumi na kiwanja cha wavu vyote viko ndani ya uzio. Alidhani labda wanawake tulifukuzwa. Nikamwambia asubiri, jibu ni refu, na nikaona bora nilieleze kwa wote mara moja nisije nikaulizwa na kila mtu.

Klabu ilianzishwa na wanajeshi kabla sijafika. Fikirieni vijana walioletwa Nachingwea kutoka kila pembe ya nchi, jioni hawana shangazi wa kumtembelea wala shamba la kwenda kuangalia. Wakaanza kucheza. Kwanza mpira wa miguu, kisha ngumi, riadha, wavu na kuvuta kamba. Jina rasmi la klabu lilikuwa refu mno, halikuenea kwenye fulana, kwa hiyo mji mzima ukaiita Kambi. Nilipohamishiwa hapa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mabondia wote walikuwa na glovu jozi mbili tu. Ukimaliza kupigana unazivua na kumpa mwenzako zikiwa zimelowa jasho lako, naye anasema asante. Wakimbiaji walikwenda Nambambo na kurudi kabla ya chai, na wakulima waliokutana nao njiani walikuwa wakiwauliza, "Leo nani kawafukuza?"

Mpira wa pete aliuleta Sajenti Anastazia, mtu wa Mbinga, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kuruta aliyelala bweni la tatu. Alikuwa mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo. Hakuandika maombi popote. Alituchukua wanawake wote wa kikosi jioni moja, akatuonyesha kipande cha majani nyuma ya karakana, akasema, "Chukueni majembe." Ndivyo timu ilivyoanza.

Hapa naomba msikilize, maana siku hizi mnakimbilia saruji na saruji inakula magoti. Uwanja mzuri ni wa udongo wa kichuguu. Tafuteni kichuguu kilichohamwa na mchwa, kivunjeni, chekecheni mpaka mpate unga, tandazeni, kisha mwagieni maji jua likishapoa. Halafu mnaingia na miguu mitupu, mnashindilia mkizunguka. Wimbo ni lazima, si kwa ajili ya furaha bali kwa sababu bila wimbo kila mtu anakanyaga kwa wakati wake na udongo unakaa matutamatuta. Ukimwagia maji mchana unapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Sisi tulimwagia mchana mara ya kwanza, tukarudia kazi yote.

Pete zilichomelewa na fundi wa karakana, Koplo Issa. Alikuja kuupima mpira wetu ukiwa umenywea, akarudi na pete mbili nzuri ajabu, zimepakwa rangi ya magari ya jeshi. Tukaujaza mpira upepo kwa pampu ya baiskeli, nikaurusha, ukatua juu ya pete ukakaa hapohapo, hauingii wala haushuki. Tulibaki tunautazama. Sajenti akamwita Issa, akamwonyesha kwa kidole. Issa akautazama kwa muda, akazunguka upande wa pili, akautazama tena.

"Afande," akasema, "pete haina kosa. Mpira ndio umenenepa."

Alizichomelea upya, akiwa amenuna. Na mistari? Mechi ya kwanza chokaa ilikuwa imeisha, tukachora kwa unga wa muhogo. Mistari ilinyooka, tukajisifu, tukaenda kubadili nguo. Tuliporudi tulikuta kuku wa kota wameshamaliza upande mmoja mzima na wanaingia duara la kati. Tulicheza tukibishana kwa kila mpira uliotoka. Tangu siku hiyo tukatumia majivu, na mpaka leo nikiona kuku karibu na uwanja damu inanichemka.

Basi tulicheza hapo nyuma ya karakana, na nilikuwa na furaha ambayo sikuijua kabla. Mnaelewa maana ya kuwa na kipande cha ardhi ambacho umekichekecha kwa mikono yako? Kisha akaja mkuu mpya wa kikosi. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuwa mtu wa haki, ila mapenzi yake yote yalikuwa kwa magari. Tulitarajia kupokea malori, na karakana haikuwa na nafasi. Akaja kusimama katikati ya uwanja wetu na buti zake, Sajenti kando yake, sisi tumejipanga.

"Sajenti, hapa patalala malori."

"Afande, hapa ni uwanja wa klabu."

"Mimi naona udongo."

"Ni udongo tulioupitisha kwenye chekeche, afande."

Mkuu akacheka. Kucheka kwake ndiko kulikotupa nafasi. Akasema siku ya klabu inakaribia, na mwaka huo wageni wetu wa mpira wa pete walikuwa akina dada wa Nandagala, kule Ruangwa. "Mkishinda, malori nitayatafutia mahali pengine. Mkifungwa na raia, nitajua uwanja huu haujawasaidia kitu."

"Na ikiwa sare, afande?"

"Sare nawapa nyinyi."

Kwa hiyo tulihitaji sare tu. Nilijua tunaiweza. Lakini pia niliijua Nandagala, kwa sababu Sajenti alikuwa akitumia siku zake za mapumziko kwenda kuwafundisha wale dada kwenye uwanja wa shule. Tulimlalamikia kwamba anawanoa maadui. Alitujibu kuwa asiye na mpinzani hana timu, ana mazoezi, na akatuongezea mizunguko miwili ya kukimbia kwa kuuliza. Mfungaji wao aliitwa Somoe. Alikuwa binti mrefu, mikono migumu kwa kukung'uta ufuta, na hakuwa na haraka hata kidogo. Mfungaji mwenye haraka hanisumbui. Asiye na haraka ndiye anayenikosesha usingizi.

Siku ya klabu ilikuwa ikifanyika baada ya mavuno ya ufuta, watu wakiwa na nafasi na roho nyeupe. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka Naipingo, kutoka Nambambo, kila mti wenye kivuli umejaa. Asubuhi zilifanyika mbio, zikafuata ngumi. Mpira wa pete ulipangwa saa tisa. Saa tisa ikafika, Nandagala hawapo. Mwishowe akaja mtu wa baiskeli anahema: lori la mfanyabiashara wa ufuta lililowabeba limezama kwenye mchanga njiani.

Mnajua mkuu alifanya nini? Alituma timu ya kuvuta kamba, na kamba yao. Wale wanaume wakaenda kulivuta lori lile lenye wanawake waliokataa kushuka, maana walisema wakishuka viatu vitachafuka kabla ya mchezo. Walilitoa. Walirudi wamejaa vumbi mpaka kope, mikono imechubuka kwa kamba, wakapangwa moja kwa moja kuvutana na watu wa sokoni, wakaburutwa kama magunia. Ilikuwa mara ya kwanza soko kuishinda Kambi, na wauza samaki wakongwe wanaringa mpaka leo. Msiwaambie habari ya lori.

Hivyo mchezo wetu ulianza jua limeshainama. Mwalimu wa Nandagala, aliyetakiwa kuwa mwamuzi pamoja na Sajenti, alishuka kwenye lori anatapika kwa kutikiswa. Nahodha wao akasema, "Sajenti achezeshe peke yake. Sisi tunan'jua."

Sajenti akachukua filimbi. Nilifurahi, lazima niseme ukweli. Nilidhani filimbi ikiwa mdomoni mwake, iko mdomoni mwetu.

Sasa kwa ambao hamjawahi kuishi kambini: saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa. Tarumbeta likilia, kila mwanajeshi aliye nje anasimama papo hapo, mguu sawa, uso kwenye bendera, mpaka tarumbeta linyamaze. Hakuna cha nilikuwa nimebeba ndoo kichwani. Simama na ndoo yako. Ukiishi hivyo miaka kadhaa, mwili unajifunza wenyewe, hausubiri akili.

Tulikuwa sare. Dakika zilikuwa zinakwisha, mashabiki wetu wameanza kuimba kabisa. Nandagala wakaupenyeza mpira, ukamfikia Somoe ndani ya nusu duara. Nikasimama mbele yake, mikono juu, nimenyooka mpaka kwenye kucha. Nilimwona anatafuta upenyo, na nilijua haupo.

Tarumbeta likalia.

Mikono yangu ikashuka. Sikuishusha mimi, ilikuwa mikono ya serikali. Nikageukia bendera, na kwa bahati mbaya bendera ilikuwa upande uleule wa goli, kwa hiyo nilipata kiti cha mbele. Kikosi kizima kikaganda. Senta wetu alisimama na mguu mmoja nje ya mstari. Mkuu wa kikosi alisimama. Mabondia, wakimbiaji, Issa na spana yake, wote mguu sawa. Na Sajenti Anastazia, katikati ya uwanja, mguu sawa, filimbi kati ya midomo.

Aliyebaki anatembea ni Somoe.

"We dada," nikanong'ona bila kufungua meno. "Simama. Bendera."

"Filimbi ishalia?"

"Hapana, lakini..."

"Bai mpira unaendelea. Mwalimu kasema ukiwa nkononi ni moja, mbili, tatu, urushe."

Akarusha. Mpira ukagonga pete ukamrudia. Wanajeshi mia na kitu wakaufuata kwa macho tu, shingo haikusogea hata moja. Akarusha tena. Ukagonga pete kwa chini, ukaanguka, ukagonga kiatu changu ukatulia hapo. Wanangu, mpira uligusa kiatu changu na sikukitikisa! Ningeweza kuusukuma kwa kidole gumba. Somoe akaja, akainama mbele yangu. "Samahani, dada," akasema, akauokota. Alirudi nyuma kidogo, akapumua, akarusha kwa mara ya tatu. Mpira ukazunguka juu ya pete ile ya Issa, taratibu, ukaingia.

Baada ya hapo ndipo naye akasimama wima, mpira kwapani, akaitazama bendera kwa heshima zote.

Tarumbeta liliponyamaza palilipuka kelele ambazo sijazisikia tena. Wetu wanapiga kelele kwamba si goli, wa Nandagala wanapiga vigelegele, raia wengine hawajui washangilie nini lakini wanashangilia. Sajenti akapuliza filimbi, akanyoosha mkono juu. Goli.

Mkuu wa kikosi akaingia uwanjani.

"Sajenti, bendera ilikuwa inashuka."

"Ndiyo, afande."

"Mchezo ulikuwa umesimama."

"Waliosimama ni wachezaji wetu, afande. Mchezo unasimamishwa na filimbi, na filimbi nilikuwa nayo mimi."

"Kwa nini hukuipiga?"

"Nilikuwa mguu sawa, afande."

Mkuu angemlaumu kwa lipi? Akasogea karibu, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa jirani nikasikia. "Unajua malori yataingia wiki hii?"

"Najua, afande."

"Haya. Endelea."

Tulicheza zile dakika chache zilizobaki kama watu waliomwagiwa maji. Tulifungwa kwa goli lile moja. Nililia, na sioni aibu kulisema. Nilimfuata Sajenti alipokuwa anakusanya mipira nikamwambia yale ambayo koplo hamwambii sajenti. Nilimwambia ametuuza. Nilimwambia angesema tu kwamba mchezo ulisimama, nani angebisha?

"Hakuna," akasema, akaendelea kukusanya mipira.

Malori yaliingia wiki hiyohiyo. Issa aling'oa nguzo mwenyewe, akaziweka pete juu ya kabati lake la spana. Mafuta ya magari yaliuharibu udongo wetu kwa siku chache tu. Mimi na wenzangu tulikuwa tunazunguka njia ndefu kwenda jikoni ili tusipite pale.

Kisha Jumamosi moja asubuhi, mlinzi wa lango alituma ujumbe kwamba kuna wanawake nje, wengi, na wana majembe. Alikuwa na wasiwasi kidogo. Tukatoka na Sajenti. Lilikuwa lori la yule mfanyabiashara wa ufuta, na juu yake akina dada wa Nandagala, na mama zao, na majembe, na ndoo, na chekeche za nyumbani. Dereva wa lori, aliyepeleka ufuta mjini, ndiye aliyewafikishia habari. Somoe alishuka wa kwanza. Safari hii hakuniambia samahani. Alimwendea Sajenti, akapiga goti kidogo.

"Mwalimu, hatukujua kama goli letu linabomoa uwanja. Mbona hukusema? Tumekuja tuulime mwingine."

"Mlishinda kihalali," Sajenti akasema.

"Ndo maana tumekuja. Tungekuwa tumeiba, tungekuja?"

Ndani ya uzio hapakuwa na nafasi. Mwenyekiti wa mtaa akatuonyesha kiwanja hiki mnachokikalia sasa, pori tupu, lakini pembeni kichuguu kikubwa kuliko kile cha kwanza. Basi tukaanza. Wanajeshi na wanawake wa Nandagala, wengine wanaongea Kimwera, wengine Kimakua, mimi na Kimakonde changu cha nyumbani, tukivunja kichuguu na kuchekecha. Wanawake wa hapa mjini waliokuwa wanatoka sokoni wakaweka vikapu chini wakajiunga. Mchana ule mkuu wa kikosi alikuja kutazama. Alisimama muda, mikono nyuma. Akarudi ndani, na baadaye lango likafunguka, likatoka lori moja la yale mapya limebeba mapipa ya maji. Dereva akasema ameagizwa kwamba tukishamaliza kumwaga, alipitishe lori juu ya udongo mpaka tutakaposema basi. Sajenti akamshukuru, akamwambia alipitishe pembeni tu. Katikati tutakanyaga wenyewe.

Hiyo ndiyo sababu uwanja uko nje, mwanangu uliyeniuliza. Na kwa kuwa uko nje, hakuna aliyehitaji kibali kuingia. Mabinti wa mjini walianza kuja jioni kutazama, kisha kucheza. Hatimaye klabu ikakubali raia kwenye timu ya mpira wa pete, kisha riadha, kisha na mingine yote. Somoe aliolewa Nachingwea na kutufungia misimu mingi. Nilicheza nyuma, yeye mbele, na safarini alikuwa akilala begani kwangu kana kwamba hajawahi kunitia aibu mbele ya jeshi. Nilipoanza kufundisha, miaka ya elfu mbili ikiwa imeshaingia, tulikuwa na mipira ya kutosha na fulana zenye herufi mpya, na ilibidi niwafundishe wachezaji wangu wanajeshi jambo moja ambalo hakuna kitabu kinalifundisha: tarumbeta la saa kumi na mbili likilia mchezo ukiwa unaendelea, mwamuzi apulize kwanza, ndipo asimame. Tuliliweka katika kanuni zetu za ndani.

Lakini nirudi Jumamosi ile. Tulishindilia mpaka jioni, tunaimba, matope mpaka magotini. Nandagala wakapanda lori lao wakaondoka wakipunga majembe. Mimi na Sajenti tukabaki kwenye pipa la mwisho la maji tunaosha miguu. Nilikuwa bado sijamwomba radhi kwa maneno yangu, na sikujua nianzie wapi. Nikaanzia palipokuwa pananiwasha.

"Afande, siku ile, ukiwa na filimbi mdomoni, Somoe anarusha. Ulikuwa unawaza nini?"

Sajenti Anastazia akasugua kisigino.

"Nilikuwa namwomba Mungu akose."

"Hata ile ya tatu?"

"Ile ya tatu," akasema, "niliomba kwa machozi."